Kuwinda wanyama wadogo bila kuwatesa na bila kuumiza mtu: mambo ya kujua kabla hujafyatua

Watu wakianza kuwinda sungura, kindi, kwale na njiwa, swali la kwanza wanalouliza ni ninunue bunduki gani, skopu ipi, risasi za aina gani, na hapo ubishi unaweza kwenda hata siku nzima. Mi naona swali la kwanza ni lingine kabisa: we mwenyewe, ukiwa umepiga goti kwenye nyasi na moyo unadunda, unaweza kupiga kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda kutoka umbali gani, kila ukifyatua, bila kukosa? Hilo ndo linaamua kila kitu, maana ubongo wa sungura na sehemu inayouzunguka ni kama sentimita 3 tu. Ukikosea kwa sentimita mbili mnyama haondoki salama, unakuwa umemvunja taya au umempasua tumbo, ataingia shimoni au vichakani na atakufa taratibu kwa masaa mahali ambapo hutamfikia tena. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa chini yanarudi kwenye mambo mawili, mnyama afe kabla hajajua kuna nini, na mtu yeyote asiumie.

Sheria nitapita haraka ila usiziruke. Kuna nchi zimefunga uwindaji kabisa, kuna nyingine zina misimu, leseni, idadi ya wanyama kwa siku, silaha zinazoruhusiwa na hata saa za kupiga, na ndani ya nchi moja mkoa mmoja unaweza kuwa tofauti na mwingine. Nenda ofisi ya wanyamapori ya hapo ulipo uulize, afu ruhusa ya mwenye ardhi ipate kwa maandishi ujue pia mipaka ya shamba lake iko wapi. Na msimu wa kuzaliana uheshimu hata pale ambapo sheria haijasema kitu. Sungura wa mashimo anabeba mimba siku 30 hivi, kwa hiyo kwenye kipindi hicho majike wengi ama wana mimba ama wananyonyesha, na jike mmoja akifa juu, watoto kule chini wanakufa njaa. Kwa macho huwezi kujua yupi ana watoto, basi waache wote mpaka kipindi kipite.

Silaha ipi kwa mnyama yupi

Bunduki ya upepo ndo wengi wanaanza nayo, na kwa sungura, kindi na njiwa inatosha ukikaa ndani ya uwezo wake. Saizi kuu ni mbili, milimita 4.5 ambayo ndo ile .177, na milimita 5.5 ambayo ndo .22. Ya 4.5 inaenda kasi na njia yake imenyooka zaidi, ya 5.5 peleti yake (kile kirisasi kidogo cha bunduki ya upepo) ni nzito na inagonga kwa nguvu zaidi, na mi nasema chukua ile ambayo karatasi ya shabaha inaonyesha unapiga nayo vizuri. Kuhusu nguvu, Uingereza ambako uwindaji wa aina hii umeenea sana, bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji leseni ya silaha mwisho wake ni jouli 16 hivi, na wawindaji wengi wenye bunduki ya kiwango hicho hawapigi mbali zaidi ya mita 30 au 35. Chini ya nguvu hiyo baki kupiga makopo ya mazoezi. Peleti ziwe zile zenye kichwa cha mviringo, na piga kichwa tu, sio kifua. Najua kuna watu watasema wamewahi kuua sungura kwa kupiga kifua na bunduki ya upepo, ni kweli inawezekana, ila inawezekana pia akakimbia mita 20 akaingia shimoni, na huna njia ya kuchagua lipi litokee.

Raifo ya .22, yaani ya baruti sio ya upepo, ni kitu kingine, hiyo ni silaha kamili. Risasi yake ina gramu 2.6 tu lakini ikikosa kitu cha kuizuia inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5, na ina tabia mbaya sana ya kudunda ikigonga jiwe, maji au ardhi ngumu, unasikia mlio wa kuzizima unaelekea kusikojulikana. Tumia risasi zenye tundu mbele, kwa sababu zinafunguka ndani ya mnyama na kumalizia nguvu humohumo, mnyama anakufa haraka na kudunda kunapungua, ingawa hakuishi. Zile za mwendo wa chini ya kasi ya sauti zina kelele kidogo na kwa sungura wa mita 50 zinafaa sana.

Kwa ndege anayeruka au sungura anayekimbia, silaha ni shotigani peke yake. Raifo na bunduki ya upepo ni za mnyama aliyetulia, basi. Marisau, zile punje ndogondogo zilizo ndani ya risasi yake, yanatawanyika, na hapo watu wanadanganyika wakadhani ukielekeza tu upande ule inatosha, kumbe kadiri mnyama anavyokuwa mbali ndo nafasi kati ya risau na risau inavyozidi kuwa kubwa, mpaka unafika umbali ambao ndege anapata risau mbili tu mkiani na kuondoka nazo. Weka mwisho wako mita 35, na kama we ni mgeni weka mita 25. Namba za marisau zinaenda kinyumenyume, namba kubwa ni punje ndogo: 5 au 6 kwa sungura na kanga, 7 kwa njiwa na kwale. Kabla ya kwenda popote tundika karatasi kubwa, chora duara la kipenyo cha sentimita 75, simama mita 35 upige risasi moja katikati, afu angalia kama ndani ya duara kuna sehemu tupu ambayo ndege mzima anaweza kukaa bila kuguswa. Ikiwepo, badilisha choki (ule mbano wa mdomo wa mtutu) au aina ya risasi, au sogea karibu upime tena.

Na hapa niongelee madini ya risasi, yaani ledi ambayo marisau mengi yanatengenezwa kwayo, maana yana uhusiano na kuwatesa wanyama ambao hata hukuwalenga. Bata na ndege wengine wa majini wanameza punje zilizoanguka kwenye tope wakidhani ni mbegu au vijiwe, wanapata sumu na kufa polepole. Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini haya kwenye uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukazuia kwenye maeneo yote oevu kuanzia Februari 2023. Ukihamia marisau ya chuma jua kwamba chuma ni chepesi, sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.8 wakati madini ya risasi ina gramu 11.3, kwa hiyo punje ya chuma inapoteza nguvu mapema, inabidi uchukue punje kubwa zaidi kwa saizi mbili na usogee karibu zaidi. Muulize pia fundi wa bunduki kama mtutu wako unaruhusu chuma, bunduki za zamani zenye choki iliyobana sana zinaweza kuharibika.

Manati na mitego ya waya sitaifundisha. Manati kwa watu wengi haina uhakika wa kuua, inajeruhi tu. Waya ndo mbaya zaidi kwa sababu haichagui, leo inashika sungura kiunoni, kesho mbwa wa mtu, na aliyenaswa anakaa humo usiku kucha akijikata mwenyewe kwa kuhangaika. Wales walipiga marufuku mitego ya vitanzi 2023 na Scotland wakafuata 2024, na mi naona walifanya vizuri.

Kuujua umbali wako

Chukua karatasi, chora viduara vya sentimita 3, vingi. Anza mita 15. Piga kumi. Zote zikiingia ndani sogea mita 20, zote zikiingia tena sogea 25, na pale ambapo moja tu imetoka nje, hapo umeshapita umbali wako, rudi hatua moja. Sio tisa kati ya kumi, ni kumi kati ya kumi, maana ile moja iliyotoka nje porini ni mnyama mwenye taya lililovunjika.

Ila usifanye hayo ukiwa umekaa kwenye meza umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, ile meza ni ya kurekebisha skopu tu. Porini hakuna meza. Fanya umelala, umekaa chini viwiko vimeegemea magoti, umepiga goti, umesimama, umesimama na fimbo mbili za kuegemezea, na utashangaa jinsi namba zinavyotofautiana, mtu anayepiga mita 35 akiwa amelala anaweza asifike hata mita 15 akiwa amesimama. Hizo namba ziandike kwenye kipande cha plasta ubandike kwenye kitako cha bunduki, moja kwa kila mkao, na ukishaziandika ndo mwisho wako, hata sungura akae mita tano tu mbele ya hapo humpigi. Baada ya hapo kimbia kidogo mpaka uhemee juu, rudi upige tena, kwa sababu ukimuona mnyama moyo unaenda mbio hivyohivyo hata kama umezoea.

Kuna kosa moja linawapata sana wenye skopu. Skopu iko juu ya mtutu kwa kama sentimita 4, na ukiirekebisha kwa mita 25 au 30 mstari wa macho na njia ya peleti vinakutana huko, lakini mnyama akiwa mita 6 au 8 peleti bado iko chini ya msalaba unaouona ndani ya skopu. Mtu anaona sungura amekaa karibu kabisa, anaweka msalaba katikati ya kichwa, peleti inaingia kwenye taya. Kwa hiyo pima pia karibu, mita 6, 8, 10, 12, ujue unapandisha msalaba kiasi gani. Vilevile upepo wa pembeni, peleti ni nyepesi na upepo wa kawaida tu unaweza kuisogeza sentimita kadhaa kwa mita 30, na eneo lako lote ni sentimita 3, basi siku ya upepo mkali punguza umbali wako kwa nusu au usiende.

Kufyatua kwenyewe ni rahisi kueleza: vuta pumzi, itoe, kwenye ule utulivu mfupi kabla hujavuta nyingine bonyeza triga polepole bila kuikwapua, na baada ya mlio endelea kuangalia kwenye skopu kana kwamba bado unalenga. Ukiona sekunde nane hivi zimepita hujafyatua, macho yanaanza kuchoka na mikono inatetemeka, acha, pumua, anza upya. Mnyama akiondoka kabla hujawa tayari mwache aende.

Usalama wa watu

Bunduki zote zichukulie kwamba zina risasi, hata uliyoitoa risasi mwenyewe dakika mbili zilizopita. Mdomo wa mtutu usielekee kwa mtu wala kwa kitu ambacho hutaki kukipiga, hata kwa sekunde wakati unageuka kumjibu mwenzako. Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka pembeni, mpaka umeshaamua kupiga. Na jua ulichokilenga ni nini na nyuma yake kuna nini. Haya manne kila mtu anayajua kwa mdomo, lakini angalia kundi la wawindaji wakiwa wamechoka jioni wanarudi kwenye gari, mitutu inaelekea kila upande. Sefti, ile kufuli ya triga, isikudanganye, ni kipande cha chuma ambacho kinaweza kuharibika, kazi yake ni kusaidia hayo manne sio kuyachukulia nafasi.

Hilo la nyuma ya mnyama ndo linaloua watu. Kwa raifo ya .22 unataka udongo laini nyuma, tuta, mteremko wa kilima, yaani risasi ikipita au ukikosa izame ardhini palepale. Sungura aliye juu ya kilima na nyuma yake kuna anga tu, hapigwi. Kindi au ndege aliye juu ya tawi, na raifo, hapigwi pia, kwa sababu risasi ile inaenda kuangukia kwenye maisha ya mtu usiyemuona. Kichaka sio ukuta, risasi inapita kama hakuna kitu. Marisau yanapoteza nguvu mapema lakini hata hayo yanaweza kuanguka mita 200 na zaidi, kwa hiyo nyumba, barabara na mifugo viwe mbali sana na upande unaopigia, usihesabu mita hizo kwa kubahatisha.

Mkiwa zaidi ya mmoja, tembeeni kwa mstari mmoja, kila mtu ajue upande wake, watatu wanatosha kabisa. Wa kulia anapiga kulia, wa katikati mbele, wa kushoto kushoto, na ndege akivuka kwenda upande wa mwenzio ni wake, unashusha bunduki. Kuzungusha mtutu ukimfuata ndege mpaka ukapita kwenye mwili wa mwenzako ndo ajali ya kawaida kabisa ya shotigani. Vaeni fulana au kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa, sungura hashtuki na rangi hiyo kama mnavyodhani, kinachomshtua ni mwendo na harufu. Kama kuna mbwa, ndege wa chini usawa wa mbwa hapigwi. Pombe ni baada, bunduki zikishafungiwa.

Ukivuka uzio, mtaro au ukiingia kwenye gari, toa risasi kwanza, chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) iwe tupu, mpe mwenzako bunduki au iweke chini upande wa pili mtutu ukielekea mbali nawe, ndo uvuke. Ukianguka, jambo la kwanza baada ya kusimama ni kutoa risasi na kuangalia kama mtutu una udongo ndani, maana mtutu ulioziba ukifyatua unaweza kupasuka mkononi. Ukifyatua na hakuna kilichotokea, usifungue! Weka mtutu kwenye upande salama uhesabu sekunde 30 hata 60, risasi nyingine zinachelewa kuwaka. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida simama hapohapo, toa risasi, chungulia mtutu kutokea upande wa chemba kama kuna kitu kimekwama.

Halafu wenye shotigani za geji 12 na 20 nyumba moja wawe makini mno (geji ni upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12). Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 inateleza na kukwama mbele kidogo ya chemba, huioni, unafyatua haiwaki, unadhani hujaweka kitu, unaweka ya 12, unafyatua, na mtutu unapasuka. Ndo sababu ganda la geji 20 linatengenezwa la rangi ya njano. Msibebe saizi mbili kwenye mfuko mmoja, hata siku moja.

Masikio na macho vaa kinga. Bunduki nyingi za risasi zinafika au kupita desibeli 140, na hapo mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Mwambie mtu unaenda wapi na unarudi saa ngapi, beba maji, simu yenye chaji na vifaa vya huduma ya kwanza pamoja na mkanda wa kuzuia damu, ambao ujifunze kuufunga ukiwa nyumbani.

Porini

Asubuhi mapema na jioni ndo sungura wanatoka kula. Ingia upepo ukikupiga usoni, tembea hatua chache usimame, angalia, tembea tena, na mara nyingi utamuona sikio au jicho kabla ya mwili. Usikimbilie kulenga. Kwanza hakikisha ni mnyama gani, hasa ndege, kuna jamii zinazolindwa zinazofanana na zile zinazoruhusiwa, na kama huwezi kuwatofautisha wakiwa wanaruka basi hujawa tayari kuwapiga wakiwa wanaruka. Usiku na tochi ndo hatari zaidi, jicho linalong'aa linaweza kuwa la paka wa mtu, mbwa, mbuzi. Ukiona jicho tu hujaona mnyama, subiri uone mwili mzima.

Sungura akiwa ubavu kwako lenga kati ya jicho na sikio. Akiwa anakuangalia moja kwa moja au amekupa mgongo subiri ageuke, hana haraka. Akianza kuruka polepole piga mluzi mfupi, mara nyingi anasimama na kuinua kichwa, hapo ndo nafasi yako, akikimbia kabisa mwache. Majani yaliyo mbele yake usiyadharau, jani moja linatosha kupotosha peleti. Kwa ndege wengi wakiruka pamoja chagua mmoja umfuate huyohuyo, ukifyatua katikati ya kundi utawajeruhi watatu na usiokote hata mmoja, na bunduki iendelee kuzunguka naye hata baada ya kufyatua, wengi wanakosa nyuma kwa sababu wanasimamisha mtutu. Usipige mnyama ambaye huwezi kumfuata, mfano bata juu ya maji ya kina na huna mbwa wala mtumbwi.

Ukishapiga

Weka risasi nyingine tayari, macho yasitoke pale alipoangukia, na weka alama ya kitu kilicho karibu napo, mti, jiwe, fundo la nyasi. Ukipiga ubongo fahamu inakata papo hapo, ila miguu inaweza kurusha mateke sekunde kadhaa na wageni wanaogopa wakidhani anateseka, ile ni mishipa tu. Mateke ya fujo yasiyo na mpangilio ni dalili nzuri. Akiinua kichwa, akijikokota, akilia, akipepesa macho, huyo yuko hai na anasikia maumivu, na kuanzia sekunde hiyo huna kazi nyingine duniani zaidi ya kummaliza. Kama nyuma ni salama mpige tena haraka kichwani, usione uchoyo wa risasi wala usiwaze nyama itaharibika. Ukimfikia mkononi na bunduki haifai kwa umbali huo, mshike miguu ya nyuma aning'inie, afu pigo moja la nguvu na rungu fupi nyuma ya kichwa, chini ya masikio. Moja, kwa moyo wote, kwa sababu mapigo ya kusitasita ndo mateso yenyewe. Ndege anaweza kuvunjwa shingo kwa kuvuta na kupinda kwa pamoja, lakini hilo jifunze kwa mtu anayelijua kwa kutumia ndege aliyekwisha kufa, usijifunzie kwa aliye hai.

Kuhakikisha amekufa mguse jicho kwa kijiti, asipopepesa, hapumui, na ukiweka vidole kifuani moyo haupigi, basi. Usimtie kwenye begi kabla ya hapo.

Akipotea, uwindaji umesimama. Funga kitambaa pale uliposimama ulipofyatua, kingine pale ulipomuona mara ya mwisho, tafuta damu, manyoya, majani yaliyolala, zunguka kwa duara linalozidi kupanuka, angalia chini ya magogo na kwenye midomo ya mashimo. Mbwa aliyefundishwa kuokota anafanya kazi hii vizuri kuliko watu wanne. Usimpige mnyama mwingine huku wa kwanza bado hajapatikana, hata akipita mbele yako.

Nyama

Kabla ya kumgusa fikiria alikuwaje akiwa hai. Sungura aliyekuwa mzito, hakimbii, macho yamevimba yanatoa usaha, huyo sio wa kuliwa. Vaa glavu kila unapochuna, kuna ugonjwa unaitwa tularemia ambao sungura na panya wanaubeba, bakteria wake wanaingia kwa mtu kupitia hata mkwaruzo mdogo mkononi au kwa kung'atwa na kupe, na homa yake sio ya mchezo. Ukifungua tumbo angalia ini na bandama, ukikuta vidoa vyeupe vidogovidogo vimejaa, mfunge kwenye mfuko pamoja na glavu, usimpe mbwa, piga simu kwa daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori, na osha mikono kwa sabuni. Ukipata homa au vidonda siku za baadaye mwambie daktari kwamba ulishika mnyama wa porini, asipoambiwa anaweza asiufikirie ugonjwa huo kabisa.

Aliye mzima kamua mkojo kwanza kwa kusukuma dole gumba tumboni kuelekea nyuma, afu toa utumbo mapema, hasa kama kuna joto au peleti imepita tumboni. Kisu kiingie juujuu tu, ncha ikielekea juu, usitoboe utumbo. Mtundike hewani au weka kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, sio plastiki, na wasirundikane wakiwa bado na joto. Bakteria wanapenda nyuzi 5 mpaka 60, kwa hiyo mfikishe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 4 haraka iwezekanavyo. Ukikata nyama papasa na vidole utoe peleti na marisau yote, na ile nyama iliyovilia damu kuzunguka tundu ikate uitupe, haswa kama umetumia madini ya risasi, chembe zake nyingine hazionekani kwa macho na kwa watoto na wajawazito hazifai hata kidogo. Wakati wa kupika nyama ifike nyuzi 74 ndani kabisa karibu na mfupa, kugandisha kwenye friza hakutoshi kuua tularemia. Kisu, ubao na sinki vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa kitu kingine chochote cha kuliwa.